Barza ya Vijana: Kamera Mbili na Bangili ya Mama



Mwezi huu barza yetu imejiwa na suali ambalo huenda baadhi ya wazee wakaliona dogo, nami sikuliona dogo. Kijana mmoja katika wanafunzi wetu wa zamani, aliyekhitimu msahafu chuoni kwetu na sasa umri wake wapata miaka 20, alinijia usiku mmoja baada ya sala ya Isha. Alinipa mkono, akakaa mkekani, akatoa mfukoni karatasi mbili zilizokunjwa. Katika kila karatasi palikuwa na picha ya kamera na chini yake zimeandikwa sifa zake. "Maalim," akasema, "nataka kununua moja katika hizi mbili, na kila ninayemuuliza hunambia lake. Wewe waonaje?"

Nikamjibu, "Mwanangu, mimi ni mwalimu wa chuo, si mpiga picha. Wawaacha mafundi waja kwangu?" Akainamisha kichwa. Ndipo aliponambia kwamba fedha zenyewe ni za mama yake. Mama huyu ni mjane, naye ameuza kwa sonara bangili yake ya dhahabu, ile aliyovishwa na marehemu mumewe siku ya harusi, ili mwanawe apate mtaji wa kazi ya kupiga picha. Fedha zile zilitosha kamera moja katika zile mbili, na kubaki akiba kidogo. Ile ya pili ilizishinda, na kilichopungua kijana alikuwa keshakusudia kukikopa kwa simu.

Hapo nikafahamu kwa nini suali lile lililetwa kwa mwalimu wa chuo. Nikamwomba siku tatu nizisome zile karatasi na niwaulize wajuzi. Nami nawaletea hapa niliyoyapata, kwani najua vijana wengi wa Kiislamu hivi leo wameielekea kazi hii, na wazazi wengi hutakiwa mtaji wasijue kinunuliwacho ni nini.

Kamera zote mbili ni za kampuni ya Canon ya Japani. Moja yaitwa EOS R50, iliyotangazwa Februari 2023, na ya pili yaitwa EOS R100, iliyotangazwa Mei ya mwaka huo huo. Zote zimo katika zile ziitwazo kamera zisizo na kioo, nazo ni za daraja la mwanafunzi. Nilikwenda kwa fundi mmoja mzee wa picha hapa kwetu Tanga, aliyeianza kazi hii zama za filamu, anieleze maana ya "isiyo na kioo", maana kwa macho yangu mimi kila kamera ina kioo mbele. Akacheka, kisha akanifahamisha hivi. Kamera za mafundi za zamani zilikuwa na kioo kidogo, mfano wa kile cha kujitazamia, kilichowekwa mshazari ndani yake nyuma ya lenzi. Mwanga ukiingia hukipiga kioo kile ukapanda juu hata kwenye jicho la mpigaji. Akibonyeza, kioo huruka juu, mwanga ukapita kwenda kwenye filamu, kisha kikarudi mahali pake, na ndio ule mlio tuliouzoea maharusini. Kamera za sasa zimekiondoa kioo hicho. Sensa, yaani kile kibati kipokeacho mwanga na kuugeuza kuwa picha, hukaa nyuma ya lenzi pasi na kizuizi cha kioo, na mpigaji hutazama picha yenyewe katika skrini iliyo mgongoni mwa kamera, au katika kitundu cha kuchungulia chenye skrini ndogo mno ndani yake.

Mwaka 2008 Panasonic ilitoa kamera yake ya kwanza ya namna hii yenye kubadilishwa lenzi, na Canon ikaleta mfungo mpya wa lenzi uitwao RF mwaka 2018. Kwa kuondoka kioo, masafa kutoka mfungo wa lenzi mpaka kwenye sensa yalipungua kutoka milimita 44 hadi milimita 20, na mwili wa kamera ukawa mdogo. R50 pamoja na betri na kadi yake ina gramu 375, na R100 gramu 356. Kitabu changu cha mahudhurio ya wanafunzi ni kizito kuliko hizo.

Na hapa nataka kulisahihisha jambo moja ambalo vijana wetu hupenda kulisema katika mihadhara, ya kwamba neno kamera limetokana na Kiarabu. Si kweli. Ni neno la Kilatini, na maana yake ni chumba. Wala hatuna haja ya kujipa lisilo letu ilhali tunalo lililo letu kwa haki. Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufa Misri kiasi cha mwaka 1040, alifanya majaribio ya mwanga upitao katika tundu dogo na kuingia mahali penye giza, hata akaitazama kwa njia hiyo sura ya jua lililopatwa. Kitabu chake, Kitab al-Manazir, kilifasiriwa kwa Kilatini na wataalamu wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Kamera kwa asili yake ni chumba kile cha giza, kilichopunguzwa hata kikashikika mkononi.

Ama hukumu ya picha yenyewe, wanazuoni wamekhitalifiana, na khitilafu yao inajulikana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera, akiona kuwa ni kukizuia kivuli cha kitu alichokwisha kukiumba Mola, wala si kuumba sura mpya. Wengine, miongoni mwao Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, waliikataa ila kwa haja. Sitaki kuifungua khitilafu hiyo leo. Kijana wangu keshaichagua kauli ya kujuzisha, na picha za pasi na za vitambulisho sisi sote tunazo mifukoni.

Turudi kwenye karatasi zetu. Kwanza nilitazama yaliyo sawa, maana mnunuzi mwenye pupa hutazama tofauti tu, akadhani kitu kimoja ni kizuri mara mbili kuliko kingine. Sensa za kamera hizi ni za kipimo kimoja, na kila moja hutoa picha yenye pikseli milioni 24 na ushei. Betri ni ile ile, iitwayo LP-E17, na ukinunua betri ya akiba itaingia katika hii na ile. Mfungo wa lenzi ni ule ule, hata lenzi ya hii yaingia katika ile. Zote zina kitundu cha kuchungulia, na zote zina tundu la kuchomeka maikrofoni. Kila moja ina nafasi moja tu ya kadi. Hapana hata moja yenye kuituliza sensa mkono ukitetemeka, bali utulivu huo watoka katika lenzi kama lenzi inao. Fundi mzee aliponionyesha picha ya mlango wa kuchonga iliyopigwa mchana kwa R50, na nyingine ya mlango huo huo kwa R100, sikuweza kupambanua ipi ni ipi. Akanambia hata yeye hawezi.

Tofauti zipo, nazo ni za kweli. Skrini ya R50 hufunguka ubavuni na kuzungushwa, hata mtu akajiona naye amesimama mbele ya kamera, na huguswa kwa kidole kama simu. Skrini ya R100 imekazwa mgongoni, haigeuki, wala haisikii kidole. R50 yaweza kupiga picha 12 kwa sekunde moja, na hufika 15 kwa namna nyingine ya kufunga pazia. R100 hupiga 6 na nusu, na ikiwa inakifuata kitu kinachokwenda hushuka mpaka 3 na nusu. R50 hutambua watu, wanyama na magari na kuwafuata. R100 hutambua uso na jicho la binadamu. Katika video, R50 hupiga ile iitwayo 4K kwa upana wote wa sensa, fremu 30 kwa sekunde. R100 nayo ina 4K, walakini huyakata mandhari pembezoni na haipindukii fremu 25. Na tena lipo jambo ambalo mwenye kurikodi darsa hana budi kulijua: R100 ikirikodi video husimama yenyewe ifikapo dakika 29 na sekunde 59, na R50 huendelea hata saa nzima.

Msomaji atasema, kama ni hivyo R50 ndiyo bora, yamekwisha. Kijana wangu naye alisema vivyo hivyo. Nikamwambia, "Haya, na tuhisabu."

Siku zilipotangazwa, bei yake Marekani ilikuwa hivi. R50 pamoja na lenzi ndogo ya milimita 18 mpaka 45 ilikuwa dola 800 kasoro senti. R100 pamoja na lenzi hiyo hiyo ilikuwa dola 600 kasoro senti. Bei hizo hupanda na kushuka, na hapa kwetu huongezwa nauli, ushuru na faida ya mwenye duka, ila tofauti aliyoiona kijana katika maduka ya Dar es Salaam ilikuwa karibu na hiyo hiyo, dola 200. Sasa, Canon wana lenzi nyingine ndogo, RF ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, waliyoitangaza mwishoni mwa 2020, na bei yake ilikuwa dola 200 kasoro senti. Basi R100 yenye lenzi mbili na R50 yenye lenzi moja bei yake ilikuwa moja. Jambo hili halikuandikwa katika karatasi yoyote katika zile mbili, na muuzaji hakumwambia.

Na lenzi hiyo ya pili ina faida gani? Katika kila lenzi huandikwa namba ya tundu la kupitishia mwanga, nayo huenda kinyume cha hisabu tuliyoizoea, maana namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Ile lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho wake, yaani milimita 45, tundu lake kubwa kabisa ni 6.3. Ile ya pili ni 1.8. Ukizigawa namba hizi na kuzidisha jawabu kwa nafsi yake, wapata kwamba lenzi ya pili hupitisha mwanga zaidi ya mara 12 kuliko ya kwanza. Mara 12, ndugu zangu! Na sisi maulidi yetu mengi husomwa usiku, na akdi nyingi hufungwa baada ya Isha, katika msikiti wa mtaa wenye taa nne na mbili zimeungua. Kamera yenye tundu dogo ikikosa mwanga hufanya moja katika mawili. Ama hukawia kufunga pazia, na mkono wa bwana arusi unaopokea mkono wa walii ukatoka kama moshi. Ama huongeza ukali wa sensa, na uso wa mtu ukajaa chenga. Hapo skrini ya kugeuka haikusaidii kitu.

Sisemi kwamba lenzi hiyo haina kasoro. Kwa kuwa sensa za kamera hizi ni ndogo kuliko kipande cha filamu ya zamani, milimita 50 huona kama vile 80 zingeonavyo katika kamera ya filamu. Uso hutoka vizuri mno, walakini ukiwa katika chumba cha futi kumi wataka kuwapiga ukoo mzima, utajikuta mgongo wako umegota ukutani na nusu ya mashangazi wamebaki nje ya picha. Tena lenzi hiyo haina kitulizaji. Kwa hiyo ile ya kwanza haitupwi, kila moja ina saa yake.

Nikamuuliza kijana, "Kazi yako ni ipi?" Akasema ni kupiga picha za pasi, za wanafunzi wanaokhitimu, za akdi na za maulidi. "Na video?" Akasema video huulizwa, lakini zaidi watu hutaka picha. "Na kujipiga mwenyewe mbele ya kamera ukizungumza?" Akacheka, akasema hana la kuzungumza. Nikamwambia, "Basi ile skrini ya kugeuka wainunulia nani?"

Lau angekuwa ni kijana anayetaka kurikodi darsa za sheikh wake peke yake, pasi na msaidizi, aiweke kamera juu ya miguu mitatu, aizungushe skrini, akae yeye mbele na kusomesha, ningemwambia ainunue R50 wala asiitazame ile nyingine. Saa moja ya darsa haikatwi katikati, na kamera humshika uso asimpotee akiinama kitabuni. Hayo ni manufaa makubwa kwa mwenye kuyahitaji. Walakini huyu si yeye.

Kisha lipo la mkopo, na hapa sauti yangu ilibadilika kidogo, Mwenyezi Mungu anisamehe. Ile mikopo ya simu huongeza juu ya ulichokopa, na ukichelewa huongeza tena. Hiyo ni riba, na jina la ada haliigeuzi kuwa biashara. Mwenye duka akikuuzia kwa bei ya juu kidogo kwa kulipa mafungu, bei ikajulikana na muda ukajulikana tangu mwanzo, wala isiongezeke ukichelewa, hilo wengi katika wanazuoni wamelikubali. Ama kukopeshwa dola mia urudishe zaidi ya mia, hilo hapana njia. Na tazama namna ya mambo haya mawili yalivyo. Tofauti ya mwili wa kamera yatakiwa siku ile ile ya kununua, huwezi kununua R100 leo kisha ukaongeza kidogo kidogo mpaka ikawa R50. Lakini lenzi yangoja. Leo utaondoka na R100 na lenzi yake ndogo, ile akiba ukanunua kadi mbili na betri ya pili, na ukishapata kwa kazi yako ukaongeza lenzi ya usiku. Njia ya kwanza yaanza kwa deni, na ya pili yaanza kwa kazi. Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hilo sikulifikiri, maalim."

Kadi mbili, kwa sababu nafasi ni moja. Kadi ikifa, harusi imekufa nayo, na bibi arusi hatafunga ndoa mara ya pili ili wewe upate picha. Badilisha kadi katikati ya shughuli, nusu iwe huku na nusu kule.

Siku ya kununua nilifuatana naye kwenda Dar es Salaam, kwa sababu nina jeraha langu katika mambo haya. Miaka michache iliyopita chuo chetu kilinunua kamera kwa michango ya wazazi, muuzaji akaapa kuwa ni mpya, na boksi lilikuwa limefungwa vizuri. Baada ya juma moja mwanafunzi wangu akamulika lenzi kwa tochi, tukaona ndani yake nyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui. Ni ukungu. Unyevu wa pwani huuotesha ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini muda mrefu, na lenzi yetu ilikuwa imekaa mahali zamani kabla ya kuitwa mpya. Nasi kwa kuona haya tulikaa mwezi mzima kabla ya kumrudia muuzaji, naye akakataa. Kwa upande mmoja alitudanganya. Kwa upande wa pili, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwenye kuigundua aibu ya kale katika bidhaa yapasa airudishe upesi, na akikawia pasi na udhuru haki yake huanguka. Mimi nawasomesha watoto babu ya khiyari kila mwaka, na siku iliponipasa kuitumia nililala.

Kwa hiyo safari hii hatukulala. Tuliingia dukani na kadi yetu wenyewe na tochi. Tulilifungua boksi mbele ya muuzaji, tukazilinganisha namba za mwili na namba za boksi. Tuliimulika lenzi mbele na nyuma. Tukapiga picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo kabisa, maana vumbi lililokaa juu ya sensa hujionyesha hapo kama madoa meusi. Kamera zisizo na kioo zina aibu hiyo, kwamba ukiitoa lenzi sensa yabaki wazi kwa vumbi na kwa upepo wa chumvi, na kubadilisha lenzi ufukweni ni kuitafutia maradhi. Tukapiga na picha moja ya mbali na moja ya karibu, tukazikuza katika skrini. Muuzaji alikuwa ameanza kuchoka nasi.

Nikamwambia, "Bwana, twanunua, lakini twataka khiyari ya siku tatu." Hakulijua neno. Nikamweleza kwamba sharia imempa kila mmoja katika wauzianao haki ya kurejea madamu hawajaachana pale walipouziana, na tena wana haki ya kushartiana muda, na muda huo katika madhehebu yetu haupindukii siku tatu. Nikamkumbusha na kile kisa cha Mtume s.a.w. alipopita sokoni, akaingiza mkono wake katika rundo la chakula akakuta maji chini ya kikavu, na jinsi alivyomkemea mwenye mali. Muuzaji akatazama juu kitambo, kisha akaandika nyuma ya risiti kwa mkono wake: siku tatu, kurejesha fedha. Akatia sahihi. Kumbe lilikuwa jambo rahisi la kuomba.

Wengi siku hizi hununua kwa simu kitu ambacho hawajakiona. Kukinunua kitu maalumu kisichoonekana, kauli yenye nguvu kwa Imamu Shafi ni kuwa hakusihi. Kinachofaa ni kuuziana kwa sifa zilizodhibitiwa, fedha ikatolewa papo hapo, na muuzaji akabaki na dhima ya kuleta chenye sifa hizo. Kwa hiyo mwenye kuagiza kamera aandike jina kamili la kamera na la lenzi, kwani herufi moja hubadilisha dola 200.

Tuliporudi Tanga lilibaki jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo lililokuwa zito. Nilimwendea mama yake kijana, nikamuuliza mlangoni mbele ya mwanawe, "Bibi, fedha hizi umempa, au umemkopesha?" Akashangaa. "Maalim, mtoto hukopeshwa?" Nikamwambia, "Una binti wawili. Bangili ile ukimpa mmoja, hawa wawili wamepata nini?" Kuna Hadithi mashuhuri ya Nuuman bin Bashir, ambaye babake alitaka kumpa yeye peke yake zawadi, na Mtume s.a.w. akakataa kuishuhudia kwa kuwa nduguze hawakupewa mfano wake. Katika madhehebu yetu kupendelea hivyo bila ya haja ni karaha. Mama akakaa kimya, kisha akasema, "Basi na iwe karadha." Tukaandika kama ilivyoamrishwa katika aya ya deni ya Suratul Baqara: kiasi, muda wa miezi 18, na mashahidi wawili, mimi na jirani yake. Bila ya ziada yoyote. Binti mkubwa ndiye aliyeandika, ana hati nzuri kuliko kaka yake.

Na kijana nilimpa sharti moja la kwangu. Wake za watu na binti za watu watakaa mbele ya kamera yake ndani ya majumba yao, wamejipamba kwa ajili ya wenzao. Picha zile si mali yake. Amana ile imo katika kadi yenye ukubwa wa ukucha, na kadi huanguka, huibiwa na huazimwa. Nilimwambia asiwapige wanawake waliojipamba kabisa, dada yake afunzwe kamera, aingie yeye upande wa wanawake, na picha zikishakabidhiwa kwa wenyewe zifutwe mbele yao. Alikubali, na dada yake alikubali upesi zaidi, kwani keshapata na yeye kazi.

Sasa ni mwezi wa tano. Lenzi ya milimita 50 ameinunua mwezi wa tatu kwa fedha za akdi, na picha za maulidi ya mtaa wetu alizozipiga usiku kwa lenzi ile nimeziona, sura za wanafunzi wangu zimetoka hata jasho la juu ya mdomo. Vifaa vyake hukaa katika boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vifuko vya punje za kukausha unyevu, na kila juma hutolewa vikapigwa na hewa. Ila ile R100 ilimwaibisha mara moja. Alialikwa kurikodi darsa ya Ramadhani, akasahau habari ya dakika 29 na sekunde 59, kamera ikasimama yenyewe sheikh akiwa katikati ya tafsiri, na sehemu iliyopotea imepotea. Siku hizi huweka saa mkononi. Amenambia kwamba mara mbili ametamani R50, na siku zote mbili ilikuwa ni kwa ajili ya video.

Mafungu mawili ya karadha amekwisha kuyalipa. Nilimuuliza mama yake kama atakwenda kwa sonara zikitimia. Akasema bado hajui, na fedha zile amezifunga katika pindo la kanga, huzihisabu kila Ijumaa.